Michael Graham, mtu aliyehesabu miaka ya samaki

Ndakala anayefika Nyunzu kutoka Kalemie, kwa treni ao kwa gari, ana miaka mingapi? Swali linaonekana kama la mchezo. Mama anayenunua ndakala pa soko anaangalia kama imekauka muzuri, kama haina mchanga, kama bei inapungua kidogo akichukua ya pili. Haulizi ilizaliwa lini. Lakini katika mambo ya uvuvi, swali hilo njo linaamua kama mwaka ujao kutakuwa samaki ao hapana. Sababu samaki mufupi anaweza kuwa mtu mzima wa kabila la wafupi, aliyekwisha kuzaa mara nyingi. Anaweza pia kuwa mtoto wa samaki mkubwa, aliyevuliwa kabla hajazaa hata mara moja. Kwa macho, wote wawili wanalala pamoja ndani ya kitunga kimoja.

Kati ya watu waliotumia maisha yao yote kwa swali hilo, mmoja anahusu sana maziwa yetu ya Afrika ya mashariki: Mwingereza Michael Graham, aliyezaliwa mwaka wa 1898 na kufa mwaka wa 1972. Wanaosoma habari za samaki katika dunia nzima wanamjua. Wavuvi wa ziwa Victoria waliishi zaidi ya miaka 20 chini ya sheria iliyotoka katika kichwa chake, hata kama wengi wao hawakusikia jina lake.

Graham alisoma pa Cambridge. Mwaka wa 1920, akiwa kijana wa miaka 20 na kitu, akaanza kazi pa Lowestoft, muji wa bandari upande wa mashariki wa Uingereza. Hapo serikali ilikuwa na nyumba ya uchunguzi wa samaki, na kila siku merikebu zilikuwa zinarudi kutoka bahari ya Kaskazini na mizigo yao. Samaki aliyepewa kuchunguza ni yule Wafaransa wanamwita moru. Watu wa Kongo wanamjua bila kumjua: makayabo ya asili ni moru aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Hivi tunaweza kusema Graham alianza kazi kwa kutafuta miaka ya makayabo.

Namna gani mtu anajua miaka ya samaki? Samaki hana karatasi ya kuzaliwa, lakini mwili wake unaandika. Katika inchi za baridi, wakati wa joto samaki anakula sana na kukua mbio. Wakati wa baridi chakula kinapungua, na mwili unakuwa kama umesimama. Kila gamba lake linakua pamoja naye, kwa duara ndogo ndogo zinazozungukana. Wakati wa kukua mbio duara zinaachana, na wakati wa baridi zinabanana na kuonekana kama pete moja nyeusi. Anayechukua gamba, akalisafisha na kuliweka chini ya darubini, anahesabu pete kama vile mkata miti anavyohesabu mistari ya kisiki. Ndani ya kichwa cha samaki, karibu na ubongo, kuko pia vijiwe vya sikio, vigumu na vyeupe. Mtu anayekula kichwa cha samaki mkubwa na kusikia kitu kama kokoto kati ya meno, hapo amevikuta. Ukivunja kijiwe hicho katikati, pete zinaonekana vilevile.

Graham hakuvumbua njia hiyo. Mbele yake, Mnorwe Johan Hjort na wenzake walikuwa wamesoma magamba ya samaki heringi kwa maelfu, na wakakuta jambo lililoshangaza wengi: heringi waliozaliwa mwaka mmoja tu, 1904, waliendelea kujaza nyavu za Norwe kwa miaka zaidi ya 10. Samaki wa miaka mingine walikuwa wachache kabisa kati yao. Wavuvi walikuwa wanafikiri samaki wanahama na kurudi wanavyotaka. Kumbe kuna miaka ambayo watoto wengi wanapona, na miaka mingine karibu wote wanakufa. Kwa hesabu ya umri, Hjort alifanya kwa samaki kile serikali zinafanya kwa watu wakati wa kuhesabu wakaaji.

Ila kulikuwa na mashaka, na hapa Graham akaonyesha tabia yake. Nani alisema pete moja ni mwaka mmoja? Kama samaki aligonjwa? Kama alikosa chakula katikati ya wakati wa joto, gamba halitaandika pete ya uongo? Watu wengi walikuwa wanahesabu tu na kuamini. Graham akachukua moru vijana wa sehemu moja ya bahari ya Kaskazini, akafuata namna walivyokua, na pia akakusanya karibu yote yaliyokuwa yameandikwa kuhusu kusoma umri wa samaki, akayapima moja moja. Kazi hiyo ilitoka mwaka wa 1929. Siyo kitabu cha kumfurahisha msomaji wa kawaida, lakini kilifundisha wengine kwamba, kabla ya kumwamini shahidi, unamuuliza maswali, hata kama shahidi ni gamba la samaki.

Kati ya kazi hiyo, alitumwa Afrika.

Ku ziwa Victoria mambo yalikuwa yamebadilika haraka. Treni kutoka Mombasa ilifika pembeni ya ziwa, pale Kisumu, mwaka wa 1901. Karibu mwaka wa 1905 nyavu za kutega zilizotengenezwa Ulaya kwa nyuzi za kitani zikaingia. Mbele ya hapo wavuvi walitumia mitego ya matete, vizuizi na ndoano, na samaki waliliwa karibu na mahali walipovuliwa. Kwa nyavu mpya na treni, samaki akageuka biashara ya mbali, mpaka Nairobi. Wakaaji wa Nyunzu wanaelewa jambo hilo bila maelezo mengi: reli ya Kabalo mpaka Kalemie, iliyomalizika mwaka wa 1915, nayo iliwafanya samaki wa ziwa wawe chakula cha watu wasioona ziwa.

Samaki aliyetafutwa zaidi ku Victoria alikuwa ngege, mtamu, mwenye nyama ya kutosha. Jina hilo linasikika hata kandokando ya ziwa Tanganyika, kwa samaki wa jamii ileile. Kwa miaka ya kwanza wavu mmoja uliotegwa usiku ulirudi umejaa. Miaka 20 kisha hapo, wavu uleule ulirudi na samaki wa kuhesabu kwa vidole. Wavuvi wakafanya kile wavuvi wote wanafanya: kuongeza nyavu, kwenda mbali zaidi, na kupunguza tundu.

Serikali za Waingereza za Kenya, Uganda na Tanganyika (Tanganyika ile inchi, leo Tanzania, siyo jimbo letu) zikaomba uchunguzi. Graham akafika mwaka wa 1927, pamoja na kijana wa Cambridge, Edgar Barton Worthington, ambaye kisha alichunguza maziwa mengine mengi ya Afrika. Walizunguka ziwa kwa miezi mingi, mwaka wa 1927 na 1928, na ziwa hilo siyo kisima: ni kilometa za mraba zaidi ya 68.000. Walitega nyavu za matundu mbalimbali, kubwa na ndogo, wakapima urefu wa kila aina ya samaki, wakafungua matumbo kuona wamekula nini, wakaangalia kama wana mayai.

Hapo Graham alikutana na ukuta. Ku Victoria hakuna majira ya baridi. Maji ni ya moto mwaka mzima, samaki wanakula mwaka mzima, kwa hiyo gamba la ngege haliandiki mwaka kama gamba la moru. Kuleta njia ya bahari ya Kaskazini hivi hivi na kuhesabu pete, ilikuwa kujidanganya. Wengine wangefanya hivyo, na karatasi zao zingependeza. Kile kilichobaki cha kutegemea ni urefu na tumbo: samaki wa urefu gani anaanza kuwa na mayai, na tundu la ukubwa gani linamkamata. Ngege jike anabeba mayai na vitoto ndani ya kinywa chake mpaka vipate nguvu, na hii inamaanisha kwamba hazai vitoto kwa maelfu na maelfu kama samaki wanaotupa mayai majini na kwenda zao. Kumkamata mama mmoja mbele ya wakati ni hasara kubwa.

Ni Graham pia aliyemwandika ngege huyo katika sayansi, mwaka wa 1928, kwa jina la Tilapia esculenta. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni kitu cha kuliwa. Inaonekana alimwonja.

Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1929. Ilikuwa na mambo matatu mazito. La kwanza: kusiwe na wavu wa kutega wenye tundu chini ya inchi 5, yaani karibu sentimeta 12 na nusu, ukivuta tundu kutoka fundo mpaka fundo. Kwa tundu hilo, ngege angepata nafasi ya kuzaa mbele ya kukamatwa. La pili: ziwa ni moja, kwa hiyo ofisi ya kulichunga iwe moja, sababu samaki hajui mupaka wa Kenya na Uganda. La tatu lilihusu watu waliokuwa na wazo la kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine. Graham alionya kwamba kufanya hivyo bila uchunguzi wa kina ni hatari kubwa sana.

Sheria ya inchi 5 ikawekwa katika miaka ya 1930. Lazima kusema wazi: ilikuwa sheria ya wakoloni, iliyoamriwa na ofisi, na mvuvi aliyekutwa na wavu wa tundu dogo hakuelezwa habari za mayai na urefu. Aliona tu askari. Ofisi moja ya ziwa lote, ile Graham aliyoomba, ilichelewa mpaka mwaka wa 1947. Hata hivyo, kwa miaka ile ngege aliendelea kuwa samaki wa kwanza ku meza za watu wa kandokando.

Graham alirudi Lowestoft na swali kubwa zaidi. Bahari ya Kaskazini ilikuwa imetoa mfano ambao hakuna mchunguzi angethubutu kuuomba. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, merikebu nyingi ziliacha kuvua sababu ya mabomu na manowari. Vita ilipokwisha, wavuvi walirudi wakakuta samaki wengi, wakubwa, wa miaka mingi. Kwa muda mfupi wakavua kama hawajawahi kuvua. Kisha, mwaka kwa mwaka, mavuno ya kila merikebu yakashuka tena, na samaki wakarudi kuwa vijana watupu.

Mwaka wa 1935 Graham aliandika maelezo ya jambo hilo. Mtu anayefuga kuku ataelewa mbio. Mwenye kuku wawili hawezi kuchinja kila juma, na anangoja. Mwenye kuku 200 katika kiwanja kidogo naye hapati faida nzuri, sababu wanagombania chakula na hawaongezeki tena. Katikati kuna idadi ambayo kuku wanaongezeka mbio kupita zote, na hapo njo unachinja wengi bila kumaliza zizi. Samaki ni vilevile. Ukivua kupita pale katikati, unafanya kazi zaidi, unachoma mafuta zaidi, na unapata kidogo zaidi. Kupunguza uvuvi siyo kumwonea samaki huruma, ni kumpunguzia mvuvi jasho la bure. Mwaka wa 1943, katika kitabu chake The Fish Gate, akaiita sheria kubwa ya uvuvi: uvuvi usio na mupaka wowote unafika mahali ambapo hauleti faida tena kwa yeyote. Alikuwa anafikiria watu wa bandari aliowaona wakiwa maskini huku wanafanya kazi usiku na mchana, na kitabu hicho ni chao zaidi kuliko cha wataalamu.

Vita ya pili ilipokwisha, mwaka wa 1945, akawa mkuu wa uchunguzi pa Lowestoft mpaka mwaka wa 1958. Mwaka wa 1946, inchi za Ulaya zilikutana London na kukubaliana juu ya ukubwa wa matundu ya nyavu na urefu wa samaki wasioruhusiwa kuuzwa. Karibu na wakati huo aliingiza kazini vijana wawili, Raymond Beverton na Sidney Holt. Aliwapa kazi ya hesabu: ukijua umri wa samaki, mwendo wake wa kukua, na wangapi wanakufa kila mwaka, unaweza kusema tundu gani litaleta kilo nyingi zaidi. Kitabu chao cha mwaka wa 1957 kinasomwa mpaka leo, na njia nyingi za kupima uvuvi zinazotumika ku maziwa ya Afrika zilitoka humo. Kuhusu mkubwa wao, inasimuliwa kwamba alikuwa anakuja kazini juu ya farasi. Alipenda udongo na mashamba, na mwaka wa 1941 alikuwa ameandika hata kitabu cha kilimo.

Miaka ileile Graham alipokuwa anamaliza kazi, ku Victoria kazi yake ilikuwa inabomolewa. Nyavu za nailoni zilikuwa zimeingia, zenye nguvu na zisizooza haraka. Ngege wakubwa walipungua, wavuvi wakashuka kwa siri ku matundu ya inchi 4 na nusu na 4. Serikali ziliona haziwezi kuwakamata wote. Kati ya mwaka wa 1956 na 1961, upande mmoja kisha mwingine, sheria ya inchi 5 ikafutwa. Mavuno ya kwanza yalionekana mazuri, kama vile mtu anayevunja ghala anavyoonekana tajiri siku ya kwanza. Kisha ngege akaporomoka.

Na lile onyo la tatu? Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, sangara mkubwa wa Nile akaingizwa ndani ya ziwa. Ndugu zake sangala wa Tanganyika ni wenyeji wa ziwa letu, wamezaliwa humo pamoja na wengine, lakini ku Victoria yule alikuwa mgeni mwenye kinywa kikubwa. Miaka ya 1980 akajaa. Hapa kuna watu watasema Graham alikosea, na wana sababu yao: sangara alileta viwanda, kazi, na pesa za kuuza inje ambazo ngege hakuleta. Upande wa pili wa mizani ni mamia ya aina za samaki wadogo waliokuwa ku Victoria peke yake, ambao wengi hawaonekani tena, na mama wa kijijini aliyezoea kununua ngege, anayekuta sangara anapakiwa kwa ndege. Graham hakusema mgeni hataleta faida. Alisema mchunguze kwanza.

Habari ya magamba nayo ilipata jibu. Mwaka wa 1959 mchunguzi wa Jinja, D. J. Garrod, alionyesha kwamba pete za ngege wa Victoria zinafuata wakati wa kuzaa, na kwamba kwa mwaka mmoja zinaweza kuandikwa mbili. Aliyehesabu kila pete kuwa mwaka angempa ngege umri mara mbili ya umri wake wa kweli, na angefikiri anakua polepole kumbe anakua mbio.

Kwa ndakala wa Kalemie, jibu limetoka katika vijiwe vya sikio. Vinaandika pete nyembamba kabisa, moja kwa kila siku, na ukiwa na darubini nzuri unaweza kuhesabu siku badala ya miaka. Ndakala anaishi karibu mwaka mmoja, mara chache anapita mwaka na nusu. Amekua na kuzaa mbele ya mtoto wa mtu kuanza kutembea sawasawa. Kwa hiyo wavu wa tundu dogo kwa ndakala siyo kosa lenyewe, na sheria ya inchi 5 ingekuwa mzaha. Taabu ni kwamba tundu lilelile, chini ya taa ileile usiku, linabeba pia vitoto vya mikebuka, samaki anayehitaji miaka kadhaa mbele ya kuwa mkubwa. Vinakauka pamoja juu ya mchanga, vinapakiwa pamoja, na mnunuzi anavila vyote kama ndakala. Karibu na ufuko, nyavu za kukokota na vyandarua vya mbu vinafanya vilevile kwa vitoto vya samaki wengine. Inchi 4 za ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka tarehe 15 mwezi wa 8. Mvuvi asiye na shamba anauliza atakula nini miezi hiyo, na swali lake ni la haki. Hesabu ya pete inaonyesha samaki wanahitaji muda gani. Haisemi nani atamlisha mvuvi wakati huo.

Michael Graham alikufa mwaka wa 1972, mbele sangara hajajaa ku Victoria. Ngege wake karibu hayuko tena ndani ya ziwa kubwa, lakini anapatikana katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, katikati ya mafunjo, mahali ambapo sangara hakufika. Wataalamu walimhamisha jamii, leo anaitwa Oreochromis esculentus, na kisha ya jina hilo, kufuatana na desturi yao, wanaandika ndani ya mabano: Graham, 1928.